Jiwe Lililobaki Shambani

Ndugu zangu, hebu fikirini kijiji kimoja kilichokaa kando ya ziwa. Kijiji hicho kilikuwa na desturi nzuri. Kila mwaka, ibada ya mavuno ikiisha, waumini wote walishuka ufukweni, kwaya ikitangulia, wakajipanga migongo ikielekea maji, wakapigwa picha moja. Picha hizo zilitundikwa ukutani kanisani, mwaka baada ya mwaka. Mgeni akifika alipelekwa kuzitazama, akaambiwa, "Unaona? Ziwa letu liko vilevile."

Na kweli, katika kila picha maji yalikuwa palepale, nyuma ya mabega ya watu.

Mtu mmoja wa kijiji hicho alifiwa na mkewe. Mama yule alikunywa maji ya ziwa, kama kila mtu. Tumbo likamshika, na kabla gari halijapatikana alikuwa amekwisha. Baada ya maziko, mume alikwenda kanisani kutafuta sura yake, maana nyumbani hapakuwa na picha. Akamkuta katika picha ya zamani, ndiyo kwanza ameolewa, ameketi juu ya jiwe lenye mpasuko, viatu mkononi, miguu majini.

Jiwe lile mume alilijua. Alilipita kila siku. Lilikuwa katikati ya shamba la vitunguu la mzee wa kanisa.

Alikwenda akasimama pale, akatazama ziwa. Lilikuwa mbali, jembamba, zito, la kijani, maji machache yaliyobaki yameoza. Mto uliolilisha ulikuwa umejaa mashine za kuvuta maji, kila mwenye shamba na yake. Ndipo akaelewa jinsi ukuta mzima ulivyoweza kudanganya bila picha hata moja kuwa ya uongo. Kila mwaka maji yalirudi nyuma, na kila mwaka mpiga picha aliyafuata.

Siku ya mavuno ilipofika, alikaa juu ya jiwe. Watu wakampita wakishuka.

"Baba, twende," mzee wa kanisa akamwambia. "Unatuchelewesha."

"Picha ipigwe hapa."

"Hapa kwenye vitunguu? Nani atatundika vitunguu kanisani?"

"Mke wangu alikaa hapa akanawa miguu. Mimi sijasogea, mzee. Ninyi mnakwenda wapi?"

Mzee akamshika bega. "Tunakuelewa," akasema kwa upole. "Una msiba." Kisha akaendelea kushuka.

Upole wa namna hiyo, ndugu zangu, ni mbaya kuliko tusi.

Walitembea mpaka kwaya ikaacha kuimba. Wakayafikia maji, wakajipanga. Mpiga picha akainua kamera, akaishusha.

"Mzee, nyuma yenu kuna watu."

Kwa mara ya kwanza wakageuka. Ng'ambo ya maji, karibu kiasi cha kusalimiana, kijiji kingine kilikuwa kimejipanga, kimewapa mgongo, kikipigwa picha yake ya mavuno.

Mnadhani mzee alisema nini? Mnadhani alimkumbuka mama yule? Aliagiza mashine zizimwe?

"Sogeleaneni kidogo," akasema. "Wale wasionekane."

Naona mnacheka. Nani kati yetu hajasogea ili picha ipendeze? Tunasimama mahali pa mwisho palipobaki pazuri, tunamshukuru Mungu kwa kitu ambacho mikono yetu inakiua, na tunamwita msumbufu yule anayebaki pale kilipokuwa. Kibaya zaidi, tunatumia msiba wake kumnyamazisha. Tunasema ana uchungu, kana kwamba mwenye uchungu hawezi kuwa na macho.

Mungu hakutuomba picha. Alitupa maji, akatuachia na jiwe la kupimia, nalo halijasogea. Kwa hiyo wiki hii, kabla hujaenda kumpa mtu pole, uliza kwanza marehemu wake alikunywa maji gani, na mashine ya nani inanguruma kule juu mtoni. Ukikuta ni yako, usiende na pole. Nenda kaizime.