Nane Kutoa Tatu

Kwaya, kaeni kwanza. Wimbo wenu nimeusikia, mzuri, wa pili utangoja. Na wewe mzee Mlowe, funga hiyo Biblia, bado sijafika huko. Nataka niwape mfano, halafu mtaniambia wenyewe kama nimekosea.

Palikuwa na mwalimu mmoja wa darasa la kwanza, katika shule ya huku huku milimani, mahali ambapo ukifika mwezi wa sita ukungu unaingia mpaka chini ya kitanda. Alikuwa mwalimu mzuri, tena sana. Na msidhani kumfundisha mtoto mdogo kujumlisha na kutoa ni kazi nyepesi. Wewe unayejiona msomi hapo, mkalishe mjukuu wako umweleze kwa nini tano ukitoa tano haibaki kitu, uone kama hutaita watu waje wakusaidie. Mtoto atakuuliza, "Babu, sasa zile tano zimekwenda wapi?" Utasema nini?

Mwalimu huyu alikuwa na watoto zaidi ya tisini, na vifaa hana. Vijiti vya kuhesabia vilikuwapo, vikaishia jikoni kuwashia moto wa uji. Vizibo vya soda aliviokota mwenyewe, watoto wakavichezea mpaka vikaisha. Basi akabuni lake: watoto wenyewe ndio wawe vijiti. Akifundisha kujumlisha, anasimamisha watano mbele, na wengine watatu anawaweka nje ya mlango. Akisema "Jumlisha!" wale wa nje wanaingia mbio, wa ndani wanawapokea, wanashikana mikono, na darasa zima linahesabu kwa sauti mpaka nane. Kelele zake si mchezo! Mwalimu mkuu akiwa ofisini kwake alikuwa anajua tu, leo darasa la kwanza wanajumlisha.

Sasa, katika darasa hilo akaletwa mtoto mgeni, wa kike. Mama yake alikuwa ameolewa kwingine, na huko mume akasema yeye alioa mke, hakuoa mke na mtoto. Basi mtoto akaletwa kwa bibi yake, nguo zake zote ndani ya kiroba. Bibi akampeleka shule, akamwacha mlangoni, akawahi shamba. Mtoto hakumjua hata mmoja. Akakaa mwisho wa benchi, paja moja juu ya ubao, jingine hewani. Mapumziko wenzake wanacheza rede, yeye amesimama ukutani anakwangua tope kwenye kiatu. Kiatu kimeshatakata, bado anakwangua tu. Mmewahi kumwona mtu wa namna hiyo? Anajitafutia kazi ili watu wasione kwamba hana mwenzake. Mimi nikimwona mtu wa hivyo moyo unaniuma, siwafichi.

Wiki yake ya kwanza ilikuwa ndiyo wiki ya kujumlisha. Hakuchaguliwa. Alitazama tu wenzake wanavyoingia ndani na kushikwa mikono.

Wiki iliyofuata ikawa ya kutoa. Mwalimu akahitaji wanane mbele, akawa ananyoosha kidole: wewe, na wewe, na wewe mwenye sweta kubwa. Mwenye sweta kubwa ndiye huyo mgeni. Jamani, mtoto alikuja mbio mpaka akajikwaa! Ameonwa. Leo na yeye yumo.

"Haya," mwalimu akasema, "nane kutoa tatu. Ninyi watatu wa mwisho, tokeni. Nendeni nyuma ya darasa, mkae huko mpaka niwaite. Sitaki kuona kichwa dirishani!"

Mgeni alikuwa mmoja wa hao watatu. Wakatoka.

"Wamebaki wangapi?"

"Watanooo!"

"Makofi ya kilo!"

Wakapiga makofi, na walistahili, maana jibu lilikuwa sahihi kabisa. Mwalimu akageukia ubao akaandika hesabu nyingine, watoto wakafungua madaftari, somo likaendelea vizuri.

Wale wawili waliotoka na mgeni hawakuitwa na mwalimu, alikwisha sahau. Lakini walikuwa na rafiki zao ndani. Mmoja akapenyeza mdomo dirishani akanong'ona, "Nyie, njooni, wenzenu tunaandika!" Wakaingia kwa kunyata, kila mmoja akajibanza mahali pake. Na yule mgeni? Nani amwite? Hata jina lake hawakulijua. Tena alikuwa mtoto mtiifu, ameambiwa akae mpaka aitwe. Akakaa.

Kengele ya uji ikagongwa. Mpishi akamimina, kila mtoto akachukua kikombe chake, kisha mpishi akasema, "Mwalimu, huku kwako kikombe kimoja kimezidi."

Mwalimu akamjibu, "Basi, si wagawane hao wa mbele."

Wakagawana. Mnaguna? Guneni, lakini mwalimu msimseme bado. Ngojeni kwanza.

Manyunyu yakaanza, yale ya huku kwetu, ambayo hayakuloweshi upesi ila yakikuingia hayatoki. Watoto wa darasa la kwanza wakaruhusiwa kwenda nyumbani, wakatoka mbio wakipiga mayowe. Mwalimu akafunga mlango. Madirisha ya darasa lile yalikuwa yanafungwa kwa nje, kwa hiyo akazunguka nyuma kuyarudishia. Ndipo akamkuta mtoto amechuchumaa juu ya jiwe, mikono ameifumbata kwapani, sweta limelowa mpaka linadondosha maji.

"We mtoto! Unafanya nini huku?"

"Ulisema tukae mpaka utuite."

Mwalimu akashika kichwa. "Na wenzako? Si walirudi?"

"Wao waliitwa na rafiki zao."

"Hukusikia kengele ya uji?"

"Niliisikia, mwalimu."

"Na baridi yote hii, mwanangu, huisikii?"

"Naisikia."

"Sasa kwa nini hukuja ndani?"

Mtoto akamtazama kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. Akasema, "Nilikuwa nasubiri ile ya kujumlisha."

Mwalimu alimvua lile sweta, akamfunga kitenge chake, akambeba. Angemwambia nini? Kujumlisha kulikwisha wiki iliyopita, hakukuwamo tena kwenye ratiba.

Naona mmeacha kuguna. Afadhali.

Ndugu zangu, kinachonitisha mimi katika habari hii ni kwamba hakuna aliyekosea hesabu. Nane kutoa tatu ni tano, leo na kesho na hata milele. Mkaguzi angekuja siku ile angempa mwalimu sifa. Mwalimu hakuwa katili, wala watoto hawakuwa wabaya. Mtu mmoja aliloa nyuma ya ukuta, na ndani kila kitu kilikuwa sahihi. Sasa niambieni, usahihi wa namna hiyo una faida gani kwa yule aliyeko kwenye jiwe?

Mmeanza kumwonea huruma yule mtoto, vizuri. Mama Luhwavi namwona ameshatoa leso. Ila futa upesi, mama, maana sasa nakuja kwetu sisi.

Mwaka jana baada ya mavuno tulimsimamisha binti hapa mbele, hapa hapa niliposimama. Alikuwa na mimba na hana mume. Aliyempa mimba hatukumsimamisha, hatukutaka hata kumjua. Pengine anatuimbia besi, na wala siwatazami kwaya. Binti tukamwambia tunamtenga. Kaa nje ya Meza ya Bwana, kaa nje ya kwaya, kaa nje ya kikundi cha akina mama, mpaka tutakapokuita. Akainamisha kichwa, akasema ndiyo, akatoka. Wengine wangehamia kanisa jingine. Yeye alitii.

Kutenga ni utaratibu wetu, leo sibishani nao. Lakini utaratibu ule una nusu yake ya pili, nayo ni kumrudisha mtu kundini. Nauliza: nani alipewa kazi ya kwenda kumwita? Ni wewe, mzee Mlowe? Ni mimi? Kila mmoja alidhani mwenzake anakwenda. Binti ameshajifungua, mtoto ameshaota meno, sisi bado tunadhaniana. Na Jumapili iliyopita tulisomewa taarifa ya usharika, wangapi wamebatizwa, wangapi wamepata kipaimara, wangapi wapo. Tukapiga makofi. Taarifa haikuwa na kosa hata moja!

Haya, ninyi mliokaa upande wa kushoto mmeanza kuinama. Mnajua ninakokwenda, kwa sababu ninyi mnaona dirishani. Kila Jumapili anakuja. Anakaa pale nje kwenye tofali, kanga moja amejitanda na mtoto mgongoni, na sisi tukiimba naye anaimba, kwa sauti ndogo ili asitusumbue. Tukikaribia kutoka, anaondoka ili tusikutane naye mlangoni. Tumemzoea. Nimesikia kwa masikio yangu mtu anasema, ah, yule anapenda kukaa nje, anapunga hewa. Hewa gani, jamani? Katika baridi hii ambayo ninyi wenyewe humu ndani mmejifunika mablanketi? Mtu akisubiri kuitwa na haitwi, usimwambie amependa upweke. Upweke haupendwi, unavumiliwa tu, tena kwa siku ambazo mtu bado ana matumaini. Siku matumaini yakiisha, hatutamwona tena pale nje, na kwenye taarifa yetu hakuna kitakachopungua.

Leo yupo. Yupo pale sasa hivi ninapozungumza. Haya yote anayasikia.

Neno la leo lipo, nitalisoma, msiwe na wasiwasi. Lakini mimi silisomi mpaka mtu atoke nje amwite kwa jina lake, na kwaya haiimbi, na sadaka haipiti. Mama Luhwavi, mwenyekiti wa akina mama ni wewe, na mlango wa pembeni uko karibu nawe. Inuka, mama. Kamwite.