Bendera Iliyobaki Msikitini

Inasimuliwa kwamba, na Mola ndiye mjuzi wa yaliyopita, katika mji wa Zahirani palikuwa na amiri aitwaye Nufaili bin Hatimu. Alikuwa mcha Mungu, ndiyo, lakini alikuwa mtu, tena mwepesi wa hasira.

Ijumaa moja akafikiwa na mjumbe kutoka nchi jirani ya Kasrati, jina lake Kaabu, midomo imempasuka kwa kiu. Raia wa Kasrati walikuwa wameinuka dhidi ya dhuluma ya mfalme wao, na jeshi la mfalme likauzingira mtaa wao na kuvifukia visima. "Ewe Amiri," akasema Kaabu, "watoto wetu wanalamba mawe. Tuletee panga zako!"

Nufaili moyo ukamlipuka. Ndani ya mtaa ule alikuwamo Safana, dada yake wa tumbo moja, aliyeolewa huko, pamoja na wanawe. Akaamuru farasi watandikwe papo hapo.

Lakini watu wa Zahirani walikuwa na ada yao. Bendera ya vita haikukaa kwa amiri. Ilikaa msikitini, mkononi mwa kadhi, na bila bendera hiyo hakuna askari aliyevuka mpaka. Aliyeitaka alisimama mbele ya jamaa ya waumini baada ya swala na kueleza nia yake. Kadhi humwuliza, "Na lingine?" Huuliza hivyo mpaka mtu aape kwamba moyoni hamna lingine.

"Nataka kuwaokoa wanaodhulumiwa," akasema Nufaili.

"Na lingine?" akauliza kadhi, Sheikh Lukaimu, mtu wa makamo, mpole, mwenye kukohoakohoa.

"Kumtoa dada yangu."

"Hiyo ni haki yako. Na lingine?"

Nufaili akafumbua kinywa aape, ulimi ukagoma. Subhanallah! Kumbe tangu nyumbani alikuwa akiliwaza bonde la mitende ambalo babu yake alinyang'anywa na wafalme wa Kasrati. Alishafika hata kumchagua wa kulisimamia! Na nani angejua? Angeapa tu, bendera ingekuwa yake na Safana angefikiwa. 

"Lipo lingine," akasema kwa sauti ya chini. "Lile bonde. Nalitaka."

Kaabu akapiga ukelele. "Sisi tunakufa, wewe unapekua moyo wako? Sema uongo mmoja tu utuokoe!" Msimlaumu, ndugu zangu. Mwenye kiu ana haki ya kupiga kelele.

Kadhi naye machozi yalimlengalenga. "Wallahi sijui kama nafanya sawa," akasema. "Lakini bendera hii sikupi. Anayeingia nyumba ya watu na jicho lake liko shambani kwao, huyo hatatoka. Ila nia yako ya kwanza haina doa, Amiri. Ifuate hiyo. Watu wana kiu."

Nufaili alitoka pale amenywea, kila hatua akiona anamzika dada yake. Hata hivyo kabla ya magharibi ngamia wote wa mji walikwisha kupakiwa viriba vya maji, naye akatangulia mbele, kiunoni hana hata kisu.

Walipofika, jemadari wa Kasrati akawaweka juani. "Umekuja kuchukua nini?" akauliza.

"Nimeleta maji," akajibu Nufaili. "Wanywe walio ndani, mnywe na ninyi."

Jemadari akacheka, hakuamini. Nufaili akaketi mchangani, akasubiri, hasira zake zote akizimeza. Hatimaye askari mmoja, ambaye mama yake alikuwa ndani, akabeba kiriba begani na kuliendea lango. Akafuata wa pili. Jemadari akapaza sauti, hakuna aliyegeuka, na askari waliolinda lango wakalifungua.

Safana akatoka mbio, mikono ina alama za kamba. "Kaka, mbona umechelewa!" Kisha akamkumbatia. "Alhamdulillahi hukuja na bendera. Askari wa mfalme waliouteka ukuta walitufunga, wakatupanga juu yake na watoto wetu. Amri ilikuwa, ikionekana bendera ya Zahirani tu, tusukumwe chini."

Nufaili akawainamia watoto waliomfuata mama yao. Akalia na kucheka kwa pamoja, akiwapapasa wapwa zake vichwani kama anayehakikisha ni wao.

Mfalme, alipoona askari wake wamegoma, akakubali kukaa na raia wake na kusikia madai yao. Lakini Kaabu alimkuta mama yake amekwisha kufa kwa kiu, na Nufaili alishika jeneza pamoja naye.

Ijumaa iliyofuata Nufaili alisimama tena mbele ya jamaa. "Nimekuja kumshukuru Mungu kwa uhai wa dada yangu."

Kadhi akatabasamu. "Na lingine?"

"Hakuna lingine," akasema Amiri, na safari hii ulimi haukugoma. "Wallahi, hakuna lingine."

Basi, enyi mnaonisikiliza, siku mtakapokimbilia kumwokoa jirani, kimbieni, msikawie. Lakini njiani jiulizeni swali la kadhi yule, na mjijibu kweli. Mola atusafishie nia zetu kabla hatujagusa upanga.