Sanduku la Mwisho kwenye Friji ya Soda

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali ya majuzi tu, katika mji mdogo wa reli upande wa Tabora, aliishi mwanamke aitwaye Nyamizi na mwanawe wa pekee, Shija. Shija alitimiza miaka kumi na mitano akiwa na kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Kinyozi alimlazia ubao juu ya kiti, kama anavyowafanyia watoto wadogo, na Shija alikaa juu yake akitazama chini mpaka anyolewe.

Nyamizi akampeleka kwa daktari wa mkoani. Daktari akampiga picha ya mifupa ya mkono, akasema, "Mwili wake hautengenezi homoni ya ukuaji ya kutosha. Mmechelewa, mama, lakini mifupa yake haijafunga, bado inaweza kurefuka. Tunaweza kujaribu."

Nyamizi akaomba dawa. Akaomba ofisi hii, akaomba ofisi ile, akakalia mabenchi mpaka makarani wakamjua kwa jina. Mwishowe ikapatikana dawa ya msaada. Masharti yake: sindano moja kila jioni, na dawa ikae kwenye ubaridi.

Nyamizi hakuwa na friji. Aliyekuwa nayo ni Kapaya, jirani mwenye duka la soda. Kapaya akasema, "Lete, Mama Shija. Itakaa nyuma ya soda." Umeme ulipokatika, aliwasha jenereta. Jenereta ilipokufa, alipanda baiskeli kutafuta barafu kwa wauza samaki. Hakungoja hata kushukuriwa.

Kila jioni Nyamizi alivuka barabara, akachukua dawa, akarudi, akamchoma mwanawe pajani. Alimchoma hata yeye mwenyewe akiwa na homa. Alimchoma siku aliyomzika dada yake. Mkono ulizoea, moyo haukuzoea. Na Shija akatoa paja, leo la kulia, kesho la kushoto, miaka miwili. Akarefuka karibu shubiri nzima. Siku moja kinyozi hakuweka ubao. Shija akarudi nyumbani, na mama yake alimwona akitabasamu peke yake.

Kisha mwezi mmoja ukaleta mambo mawili. Msaada ukakoma, likabaki sanduku moja tu. Na Wande, binti wa Kapaya, mtoto wa miaka sita ambaye watu walidhani ni mdogo wa umbo tu, akapimwa. Ugonjwa ule ule.

Daktari hakuwaficha. "Kwa Shija, sanduku hili ni la miezi mitano, na mifupa yake iko karibu kufunga. Huenda akaongeza upana wa kidole, huenda asiongeze kitu. Wande ni mwepesi, dozi yake ni ndogo, kwake litafika karibu mwaka. Lakini baada ya hapo sina la kumwahidi, na dawa ikikatika, ukuaji wake utarudi kusuasua. Jina lililoandikwa ni la Shija. Pataneni, mniambie."

Wakakaa dukani kwa Kapaya.

Kapaya akasema, "Mama Shija, sikuwahi kukuomba kitu. Bila friji yangu dawa ile ingeharibika wiki ya kwanza. Mwanao amepata shubiri. Mwanangu hajapata hata siku moja."

Nyamizi akajibu taratibu, kwa kuwa alikuwa amechoka hata asiweze kukasirika. "Baba Wande, wema wako siusahau. Lakini dawa hii niliitafuta mimi, na mwanangu mlango wake unafungwa mwaka huu. Wako ana miaka mbele yake. Upana wa kidole kwako ni mdogo. Kwa kijana wa miaka kumi na saba anayeitwa mtoto kila aendako, si mdogo."

Akamgeukia mwanawe, akitumaini ataungwa mkono.

Shija akasema, "Mama, nimechoka. Sindano zaidi ya mia saba. Nataka nilale jioni moja bila kufunua paja."

"Basi umempa Wande," Kapaya akasema.

"Sijampa mtu, mjomba. Nimesema nimechoka, sikusema sitaki. Aliyechomwa ni mimi. Nipeni mwezi mmoja nipumzike, kisha niamue mwenyewe."

"Mifupa haitakupa huo mwezi," mama yake akasema.

"Najua," Shija akasema.

Saa ya sindano ikafika. Nyamizi akatazama mikono yake, akaona kwamba hajui aifanye nini. Nje, Wande alikuwa akiruka kamba na wenzake, wote wakimpita kichwa, na hakuna aliyekuwa amemuuliza neno.

Sasa nawaachia nyinyi mlionisikiliza. Yuko aliyeitafuta dawa, yuko aliyeitunza, yuko aliyeibeba mwilini mwake, na yuko mtoto ambaye hajaionja. Sanduku ni moja. Je, nani alistahili?