Nani Amshike Nampombe Mkono

Sogezeni viti. Anayechambua mchele aendelee kuchambua. Hadithi hii inataka masikio tu. Mwisho wake sina, nitauacha mikononi mwenu.

Huko milima ya Upare, katika kijiji kinacholima tangawizi, waliishi marafiki wanne. Senkoro alikuwa fundi wa mawe. Jiwe lililowashinda mafundi wengine, kwake lilikaa. Yonazi alikuwa na miguu na mgongo: alibeba magunia ya tangawizi kutoka mashambani hadi barabarani, na kwenye mlima wa kupanda alipiga mluzi. Kajiru, msusi wa matenga, hakuwa na nguvu za kutajwa, lakini neno likishaingia sikioni mwake halikutoka tena. Wa nne alikuwa Mbonea, na kipaji cha Mbonea kilikuwa kuwaweka hao watatu pamoja, maana bila yeye wangegombana kila wiki.

Mbonea alikuwa na mke, Nakiete, na binti wa miaka miwili, Nampombe. Mwaka wa mvua kubwa wanaume walitoka kuzibua mfereji unaopeleka maji mashambani. Ukingo ukabomoka. Senkoro, Yonazi na Kajiru walirudi kwa miguu yao. Mbonea alirudi amebebwa.

Siku ya maziko wale watatu walisimama mbele ya Nakiete, kofia mkononi.

"Shemeji," Senkoro alisema, "hatuna la kusema."

"Basi msiseme," Nakiete akajibu. "Ila msipotee."

Na hawakupotea.

Mbonea alikuwa ameacha nyumba ya mawe iliyofika madirishani. Mke na mtoto walilala jikoni, kwenye kibanda kilichovuja. Matanga yalipoanuliwa, Senkoro alikuja na nyundo yake, asubuhi, bila kuitwa. Akapandisha kuta mpaka juu. Zilipofika usawa wa paa, Nakiete alimwambia, "Shemeji, inatosha. Bati sina." Kesho yake Senkoro alikuja na bati alizokuwa ameweka kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe, akaezeka. Mkewe hakusema naye siku nne. Familia ya Senkoro ilikaa chini ya nyasi miaka mitatu zaidi, na kila masika ilitega masufuria sakafuni. Nakiete alilijua hilo. Mvua ilipopiga bati zake, hakuweza kuifurahia mpaka siku aliyosikia Senkoro naye ameezeka.

Nampombe alipofika miaka mitano, kifua kilimbana. Alihema kama kuku aliyekimbizwa, na midomo ikaanza kugeuka rangi. Ilikuwa masika, maporomoko yalikuwa yamekata barabara, gari halipandi wala halishuki. Yonazi alipopata habari aliliacha gunia pale pale njiani.

"Nifungie mgongoni," alimwambia Nakiete. "Kaza. Kaza zaidi."

Wakashuka mlima, Yonazi mbele, Nakiete nyuma akimkinga mtoto kwa mwavuli. Kwenye kijito cha tatu Yonazi aliteleza. Alikuwa na nafasi ya kujitupa chali kama afanyavyo mtu yeyote anayeanguka, lakini mgongoni palikuwa na mtoto. Akaangukia goti, juu ya jiwe. Nakiete alisikia mfupa ukilia. Yonazi akainuka, akakata fimbo, akaendelea kushuka kwa saa tatu nzima. Hakupiga mluzi, lakini hakusimama. Hospitalini muuguzi alimpokea mtoto bila kuuliza jina. Nampombe alipona. Goti la Yonazi halikupona, na tangu siku hiyo hakubeba gunia tena. Alikaa barabarani akiuza sabuni na viberiti, akitazama vijana wakipita na mizigo aliyozoea kuibeba yeye.

Sasa sikilizeni habari ya Kajiru, kwa sababu hapa ndipo watu hubishana.

Tangu maziko, Nakiete hakuwahi kulitamka jina la mumewe. Alilima, alipika, alifua, lakini alikuwa anapungua, kama sabuni. Nyumbani Mbonea hakutajwa. Siku moja mwalimu aliwaambia watoto wa darasa la kwanza wachore baba zao. Nampombe alichora shati. Shati tupu, limetundikwa kwenye msumari, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee cha baba yake alichokuwa anakijua.

Kajiru aliiona ile karatasi mezani alipoleta tenga. Aliitazama muda mrefu, kisha akavuta kigoda.

"Njoo hapa, mwanangu. Unajua baba yako alikuwa akiwaogopa bata?"

"Bata?"

"Bata. Mwanaume mzima! Akimwona bata njiani, anazunguka kupitia shamba la watu."

Mtoto akacheka. Huko jikoni, mwiko ulisimama ndani ya chungu.

Tangu hapo Kajiru alikuja kila Jumapili baada ya ibada, na kila Jumapili alileta jambo moja tu la Mbonea. Alivyopiga chafya mara tatu, kamwe si mbili. Alivyoimba vibaya kwenye kwaya hata akaombwa abebe vitabu. Alivyolia Nampombe alipozaliwa, akasingizia moshi. Wiki ya nane au ya tisa, Nakiete alitoka jikoni akisema, "Hapana, Kajiru, umekosea. Mbonea hakusingizia moshi. Alisingizia vitunguu." Akashtuka kwa kulisikia lile jina kinywani mwake. Akakaa chini, akalia machozi ya miaka minne, na jioni ile alikula akashiba.

Lakini kijiji kina midomo. Walisema, "Msusi anasuka kwa mjane." Mchumba wa Kajiru alisikia, akamwambia achague. Kajiru alisema Jumapili zile hawezi kuziacha, kwani mtoto anamsubiri. Mchumba akarudisha kitenge cha uchumba. Kajiru hakuoa.

Miaka ikaenda. Nampombe akawa mwalimu, akapata mchumba mwema kutoka kijiji cha ng'ambo. Siku ya harusi ikapangwa. Mchungaji akamwambia Nakiete, "Baba wa bibi harusi ataingia naye kanisani, atamkabidhi, kisha atakaa kiti cha baba na kutoa wosia. Ni nani?"

Mdogo wa marehemu, aishiye mbali, alipiga simu. "Shemeji, mimi nilikuja kuzika nikaondoka. Kiti kile nikikikalia nitaona haya. Chagua katika wale watatu. Ukoo umekubali."

"Haiwezekani wakaingia wote?" Nakiete alimuuliza mchungaji.

"Mama, mkono wa bibi harusi wa kushikwa ni mmoja. Wa pili una maua."

Akamuuliza binti yake. Nampombe akatikisa kichwa. "Mama, usiniulize mimi. Nikimtaja mmoja, nitakuwa nimewakana baba zangu wawili."

Nakiete alitamani wale watatu wamrahisishie, wasukumiane heshima ile kama watu wasukumianavyo nyama ya mwisho kwenye sahani. Lakini alipokwenda kwa Senkoro, alikuta koti jipya limetundikwa mlangoni, na Senkoro akajifanya halioni. Alipopita barabarani, alimwona Yonazi nyuma ya meza yake akijaribu kutembea bila fimbo, hatua kumi kwenda, kumi kurudi, jasho likimtoka. Na Kajiru, aliyekuwa na maneno siku zote, aliuliza jambo moja tu, macho yakiwa kwenye tenga: "Kutoka mlangoni mwa kanisa hadi mbele, ni hatua ngapi, shemeji?"

Asubuhi ya harusi wote watatu walikuwa uani, wamenyoa, wamesimama mbalimbali. Kwenye vyungu, akina mama walikuwa wameshaanza kubishana. "Bila Yonazi kungekuwa na bibi harusi?" alisema mmoja. "Na bila bati za Senkoro, mtoto angefika hiyo miaka mitano?" akajibu wa pili. Wa tatu akageuza ndizi, akasema, "Kiti ni cha baba. Huyo baba, Nampombe amemjua kwa nani?"

Mlango ukafunguliwa. Nampombe akatoka na gauni lake, akasimama kizingitini, akaunyoosha mkono hewani bila kumtazama yeyote. Nakiete akawatazama wale wanaume watatu, mmoja baada ya mwingine, akavuta pumzi.

Mimi naishia hapo. Mkono wa binti bado umenyooka, na kanisani kengele imelia. Haya, nyinyi mliosikia: mngekuwa Nakiete, mngemwita nani? Na wale wawili waliobaki, mngewatazama vipi usoni?