Bakuli Lililokawia Kuzama

Ninyi mnaolima viazi huku juu mlimani hamhitaji kufundishwa habari za baridi. Mnajua mtu anavyoweza kulala na shamba la kijani akaamka na shamba jeusi. Basi nitegeeni sikio.

Kulikuwa na bwana mmoja katika nchi ya jangwa, mbali sana kaskazini, ambako joto likiisha upepo hugeuka ghafla na kuleta baridi ya kugandisha maji mtungini. Kijijini kwao familia tano zililima maharage kando ya mfereji mmoja tu. Saa hawakuwa nazo. Zamu za maji walizipima kwa bakuli la shaba lenye tundu dogo chini. Unaliweka juu ya maji ya mtungi, linajaa polepole, mwisho linazama. Likizama mara nne zamu yako imekwisha: funga lango lako, jirani wa chini afungue lake. Bwana yule ndiye aliyekuwa mshika bakuli. Walimchagua kwa uaminifu wake, na hakuna aliyewahi kulitilia shaka bakuli lile.

Sasa, siku moja, saa sita mchana, upepo ukageuka. Ukaja na mchanga, ukaja na ubaridi wa kuuma meno. Wazee wakatazama kaskazini wakasema, "Usiku huu kutaganda." Dawa waliyoijua ilikuwa moja: shamba linyweshwe kabla jua halijatua, kwa sababu udongo uliolowa hushika joto, na udongo mkavu hauna huruma. Wakakubaliana kila mmoja apunguziwe, bakuli lizame mara mbili tu, ili wote wawahi. Mshika bakuli alikuwa wa tatu. Baada yake jirani yake. Na mwisho kabisa, chini ya mfereji, mama yake mzazi, bibi wa watu ambaye chakula chake cha mwaka mzima kilikuwa maharage yale na si kitu kingine.

Zamu yake ikafika. Mkewe akaanza kuongoza maji shambani, na yeye akakaa mtungini. Akatazama shamba lake lilivyo kubwa, akatazama jua. Mara mbili zitatosha nini? Moyo ukamwambia: lizibe tundu kidogo, nani ataona? Akachukua kipande cha nta akakibandika kwa kidole gumba, tundu likabaki jembamba. Nitakitoa zamu yangu ikiisha, alijiambia. Je, na sisi si ndivyo tunavyojiambia?

Shamba lake lilikunywa mpaka kona ya mwisho. Kisha akaliinua bakuli aitoe ile nta. Haikutoka! Baridi ilikuwa imeikaza. Akachokoa kwa ukucha, akachokoa kwa mwiba, ikazidi kuingia. Motoni ingeyeyuka mara moja, lakini jirani alikuwa amechuchumaa pale pale, macho kwake.

"Vipi tena, bwana?"

"Hamna kitu. Takataka tu." Akalirudisha mtungini, na jirani akafungua lango lake.

Bakuli likaelea. Likaelea tu. Jua linashuka, mchanga unamchapa usoni, na yeye, katika baridi ile, jasho linamtoka.

"Leo bakuli lina uvivu," jirani akatania huku akisugua mikono.

"Maji ya baridi ni mazito," akajibu.

Mnaona? Ilikuwa nta peke yake. Sasa uongo umekaa juu yake.

Bakuli lilizama mara moja. Kabla halijazama mara ya pili jirani akaja mbio kutoka shambani. "Langu limeshiba mpaka linatapika! Na jua ndilo hilo linakwenda. Wewe ndiwe mwenye bakuli, sema neno moja nifunge, mama naye afungue."

Neno moja, ndugu zangu! Amefunguliwa mlango na mtu asiyejua lolote. Lakini akawaza: nikikubali, watauliza shamba limeshibaje mapema hivi. Watalishika bakuli. Watalichungulia. 

"Sheria ni sheria," akasema. "Bakuli halijazama."

Chini kule mama yake alikuwa amesimama na jembe, shuka lake likipigwa na upepo. Akapaza sauti: "Mwanangu, zamu yangu bado?"

"Bado, mama."

"Haya, nangoja. Bakuli halidanganyi."

Lilipozama, jua lilikuwa limekwisha kwenda. Mama akafungua lango lake. Maji yakatambaa matuta mawili, na baridi ikayawahi, yakaanza kushika utando wa barafu humo humo mferejini.

Asubuhi mashamba manne yalikuwa ya kijani. La mama lilikuwa jeusi, majani yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Mshika bakuli akamwendea mama yake akaanguka miguuni pake, analia, na kinywa amekwisha kukifungua aseme. Mama akamwinua kabla neno halijatoka.

"Usilie, mwanangu. Kijiji kizima kinakusifu. Hata mama yako aliyekuzaa hukumpendelea."

Naye akakifunga kinywa. Akaipokea ile sifa. Mwaka ule wote mama alikula kwa mwanawe, na kwa kila sahani alimshukuru.

Ndugu zangu, ile nta mimi hainishangazi. Mtu akiogopa njaa hufanya mambo. Kinachonitisha ni ile sifa, jinsi alivyoweza kuimeza na bado akalala usingizi. Wengi wetu humu hatukuja na dhambi mpya. Tumekuja na ile ndogo ya zamani, tuliyoitia kwa siri, na miaka yote tunatafuta namna ya kuitoa kwa siri. Haitoki hivyo. Inataka moto, na moto uko mbele za watu. Na tunapoendelea kuchokoa kwa kucha, anayelipa ni nani? Adui zetu? Hata kidogo! Analipa yule anayetuamini: mke, mama, mtoto aliyekaa anangoja zamu yake kwa adabu.

Yuko mtu humu anayeitwa mwaminifu, na anayemsifu kwa sauti kuliko wote ndiye huyo aliyeumizwa naye. Simtaji. Anajijua, na mimi mwenyewe nimewahi kuwa huyo. Pengine mmekaa benchi moja. Usingoje nimalize kuomba. Mgeukie, umwambie.