Fisi Aliyejitia Kuzuia Chembe za Nyota

Tegeni sikio, na mwenye kiu anywe kabisa kabla sijaanza, maana haya yalitokea mwaka ambao maji yalitafutwa kwa machozi.

Mwaka huo mvua ilikataa kunyesha, mito ikabaki mchanga mtupu, na nyika nzima ikategemea dimbwi moja. Simba alikunywa kwanza, kisha wengine kwa ukubwa wa mwili. Kakakuona na mwanawe, aliyembeba juu ya mkia, walifika karibu na mwisho, na siku nyingine waliambulia tope.

Kakakuona alikuwa na jambo lake. Kutoka nyota za mbali huja chembe ndogo zisizoonekana, zikiinyeshea dunia usiku na mchana. Wengine hawakuzihisi. Lakini yeye, kila chembe ilipogonga gamba lake, gamba lilialika tak. Alipopita, wote walisikia: tak, tak, tak.

Simba alipoambiwa kwamba chembe hizo humwangukia kila mnyama, hakupendezwa. Alitaka kujua ni nani hao wanaomgonga kichwani bila hata kupiga hodi. Akatangaza kwamba atakayewazuia atakunywa wa pili, mara tu baada yake.

Fisi aliposikia habari ya kunywa, masikio yalimsimama. Alimwendea Kakakuona, akamwita mama, akambebea mtoto hatua tatu. Kakakuona, ambaye maisha yake yote hakuwahi kubebewa kitu, akamfungulia moyo. Alisema Jua lina tabia ya kucheua. Likicheua moto, yeye husisimka magamba ya mgongoni, na baada ya siku mbili upepo wa Jua hufika na kuzisukuma chembe za nyota kando. Milio hupungua siku kadhaa, kisha hurudi polepole.

"Na mara ya mwisho umesisimka lini, mama?"

"Asubuhi hii."

Fisi alimrudisha mtoto mkiani, akatoka mbio.

Siku mbili nzima alisimama juu ya kichuguu, kifua mbele, akilibwekea anga. Siku ya tatu milio ikapungua kweli. Wanyama walimpigia makofi, naye akapewa nafasi yake. Haikumtosha. Alidai kazi ya kuzuia nyota inachoma mbavu, hivyo lazima alale humohumo dimbwini. Alikunywa mpaka tumbo likaburuta chini. Zamu ya Kakakuona ilipofika hata tope halikuwepo. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, na mama yake alijiona mjinga kupita wajinga wote.

Siku ya tano milio ilianza kurudi. Fisi akasema yeye hana kosa, ni magamba ya Kakakuona yanayomsingizia, na dawa yake ni kuyang'oa. Simba akasema atalifikiria.

Kakakuona si mnyama wa mbio, lakini siku hiyo alikimbia hadi kwa Sungura. Alimweleza yote. Alimweleza pia kwamba alfajiri ile magamba yalikuwa yamemsisimka kuliko siku zote.

Sungura aliacha kutafuna. "Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Basi nyamaza, dada. Hata mwanao usimwambie."

Akaenda kwa Simba na kumpa pole. Alisema chembe zile zimesafiri kutoka nyota ambazo hakuna aliyewahi kuzifikia, zimekuja kumsalimia mfalme, halafu kuna mtu amesimama mlangoni anazifukuza. Simba hakuwahi kulitazama jambo hilo kwa upande huo. Shingo ilimrefuka, akamwita Fisi.

"Nataka wageni wangu waje. Wote."

Fisi alicheka kimoyomoyo, kwa kuwa alijua zinarudi zenyewe. "Kesho kutwa, Bwana, watakunyeshea mpaka uchoke."

Kesho kutwa wanyama wote walimzunguka Kakakuona. Simba alikuwa amejilamba manyoya yakalala vizuri. Wakasubiri. Tak, moja. Kisha kimya kirefu mno. Fisi aliukodolea macho mgongo wa Kakakuona kama mtu aliyefunua sufuria akaikuta tupu.

"Wako wapi?" Simba aliuliza.

"Wako njiani, Bwana."

"Au umewafungia mlango?" Simba akaanza kuinuka.

Fisi alirudi kinyumenyume. "Si mimi, Bwana. Jua limecheua tena, ndilo linalozisukuma. Mimi sijawahi kuzuia hata moja."

Sungura akamuuliza kwa upole, "Hata ile mara ya kwanza?"

Fisi akaanza kujisogeza kuelekea vichakani.

Simba aliona aibu, na aibu ya Simba ni mbaya kuliko hasira yake. Aliamuru Fisi alichimbe dimbwi kwa kucha zake mwenyewe mpaka maji yapatikane, na tangu siku hiyo awe wa mwisho kunywa. Fisi alichimba hadi jioni, maji yakabubujika. Wakubwa walimpisha Kakakuona, naye akamsukuma mwanawe mbele. Mtoto alikunywa mpaka akasinzia mdomo ukiwa majini. Fisi alikuwa nyuma kabisa ya foleni, nyuma ya panya, akihema.

Basi wewe unayejisifia kazi ya Jua, jua kwamba siku likitaka kuifanya tena halitakuja kukuuliza.