Mwalimu Kiboko na Herufi Tatu

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi wanyama walipokuwa wakipika, wakifua na kusengenya majirani kama sisi, ulitokea ukame mkali. Mito yote ilikauka, likabaki bwawa moja tu, na bwawa lenyewe alikuwa amelilalia Kiboko.

Huyu Kiboko aliwahi kukaa miezi miwili kwenye dimbwi nyuma ya shule. Aliporudi alijiita Mwalimu, akavaa tai, akataka kila mtu amwamkie shikamoo, hata Kobe aliyemzidi umri. Siku moja alichora herufi tatu juu ya jiwe kando ya bwawa: E, A na R. Akatangaza kwamba anayetaka maji alete neno la Kiingereza lenye herufi hizo, zikifuatana vilevile, na aseme maana yake. Akikosea, alime shamba la Mwalimu kutwa nzima ndipo anywe.

Sange alisikia tangazo hilo akaona limemfungia maji. Alikuwa mama mdogo mwenye pua ndefu, mwili wake haujazi hata kiganja, na jembe lingemshinda kulinyanyua. Nyumbani, kitinda mimba wake alikuwa na homa, akililia maji. Nyati ndiye aliyekuwa akimgawia kikombe kimoja kwa siku, naye Nyati mgongo ulikuwa umemwisha kwa kulima.

Kobe alikuwa na kamusi kuukuu ya Kiingereza. Sange alikwenda kuiazima, majirani wakamfuata, na mara nyumba ya Kobe ikawa darasa. Mwanzoni walisoma kwa kujikokota, ba, be, bi. Baada ya wiki mbili hata Nyati alisoma bila kufuatisha mstari kwa kwato.

Sange ndiye aliyenogewa kuliko wote. Aliona kwamba ear ni sikio, na sikio hilo limo ndani ya hear, kusikia, na ndani ya learn, kujifunza. Alipofika kwenye heart alicheka mpaka Kobe akatoa kichwa gambani. Kumbe moyo wa Kiingereza una sikio ndani yake! Siku hiyo alimsimulia kila aliyepita njiani.

Lakini bwawani mambo yalikuwa mengine. Sange alipeleka heart, Kiboko akasema kosa. Nyati alipeleka hear, naye akaambiwa kosa. Swala alipeleka neno alilobuni mwenyewe, pamoja na tita la majani mabichi, naye akapewa maji papo hapo. Hapo Sange akagundua kwamba Mwalimu hatazami maandishi, anatazama mikono.

Kesho yake aliamkia jiweni na kipande cha mkaa. Aliandika zile herufi tatu kwanza, chini yake akaandika mstari mrefu. Wanyama wote walipokusanyika, aliinama kwa adabu.

"Shikamoo Mwalimu. Nimeleta neno refu kuliko yote. Wenzangu wanasema hata wewe litakushinda."

"Linishinde mimi?" Kiboko alijikokota kutoka majini, pwaa, akalikodolea macho lile jiwe. Alikohoa. Alirekebisha tai. "Sahihi kabisa. Neno hili nililisoma darasa la kwanza."

"Basi tuwekee muhuri, Mwalimu, tusije tukalisahau."

Katika nchi ile, aliyekanyaga maandishi kwa mguu wa tope hakuweza kuyakana tena. Kiboko alichovya mguu, akaukandamiza chini ya mstari, chap, akageuka kupokea makofi.

Makofi hayakuja. Nyati alisogea, akasoma kwa sauti, polepole, bila kukosea hata herufi moja:

"Bwawa ni la wote. Kila mtu anywe bure. Nimekubali mimi, Kiboko."

Kicheko kilipasuka, kwi kwi kwi, mpaka Twiga akakaa chini. Kiboko aliangalia jiwe, akaangalia mguu wake wenye tope, akatamani kuzama. Wanyama walimpita wakaingia majini, na Sange alikuwa wa kwanza kujaza kibuyu.

Sange alipokuwa akiondoka, Kiboko alimwita kwa sauti ya chini.

"Bi Sange, kwa Kobe bado kuna nafasi?"

"Ipo, ndugu yangu. Ila tai uiache nyumbani."

Basi wanangu, anayewatesa wenzake kwa elimu asiyokuwa nayo huishia kuwafundisha kusoma, akabaki mjinga peke yake.